SUBIRA NA MAUMIVU YA UZEENI: JE, KUKAA NDIYO KUSUBIRI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ijumaa mbili zilizopita, baada ya swala, mzee mmoja wa safu ya mbele alibaki chini. Imamu alikwisha toa salamu, watu walikuwa wanatafuta viatu vyao mlangoni, naye bado ameweka mkono mmoja juu ya mkeka na mwingine juu ya goti, anatafuta namna ya kuinuka. Kijana mmoja akampita, akamgusa bega kwa heshima, akasema, "Subira, baba." Mzee akajibu, "Amin, mwanangu." Kijana akaenda zake. Ijumaa iliyofuata mzee hakuja. Tulipokwenda nyumbani kwake kumjulia hali, alituambia kwamba ni goti, kisha akanyamaza kidogo, kisha akasema lililokuwa moyoni: anaona haya kuswali juu ya kiti mbele ya watu ambao yeye mwenyewe aliwafundisha kusujudu walipokuwa wadogo.

Neno lile la kijana ni neno zuri, wala hatumlaumu. Lakini tumelifikiri wiki nzima. Alimwambia mzee asubiri nini? Homa husubiriwa ipite. Mvua husubiriwa ikatike. Goti la mtu wa miaka sabini na zaidi halisubiriwi namna hiyo, kwa sababu halitarudi kuwa goti la miaka ishirini. Basi subira katika maumivu yasiyoondoka ni kitu gani hasa? Hilo ndilo swali la karatasi yetu ya leo. Na wewe unayeisoma ukiwa na miaka thelathini, usiikunje ukaitia mfukoni ukasema ni ya wazee: una baba, una mama, na Mungu akikupa umri, una magoti.

Wengi wetu tuko na majibu mawili, na yote mawili tunayaita subira. La kwanza ni kunyamaza: kaza meno, usimwambie mtu, beba mzigo ule ule, sujudu vile vile, mpaka siku mwili utakapokataa kabisa. La pili ni kukaa: umri umefika, Mungu ameandika, weka kiti barazani, letewa maji, letewa chakula, usitoke tena. Wa kwanza tunamwita shujaa, wa pili tunamwita mtu aliyeridhika na kadari. Sisi tunaona kwamba wote wawili wamepotea mahali pamoja. Wamedhani kwamba jambo hili ni ama lote, ama hakuna.

Tukitaja subira, wa kwanza kutajwa ni Nabii Ayyub (A.S.). Tazama basi habari yake katika Sura Sad. Yeye hakunyamaza. Alimwita Mola wake akaeleza taabu iliyompata. Na jibu lililomjia halikumkemea kwa kulalamika, wala halikumwambia alale atulie. Aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, na hapo pakapatikana maji baridi ya kuoga na ya kunywa. Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu (S.W.) angeweza kuyaleta maji yale bila ya mguu wa mtu yeyote. Lakini mguu wa mgonjwa ndio ulioamrishwa ufanye kazi yake ndogo. Na baada ya hayo, aya mbili tu mbele, ndipo Ayyub anaposifiwa kuwa mtu wa subira. Bi Maryam naye, katika uchungu wa kuzaa, aliambiwa alitikise shina la mtende. Nani kati yetu, hata akiwa mzima na ameshiba, anaweza kuutikisa mtende ukatikisika?

Kuna anayejibu hivi: maumivu hufuta madhambi, Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata mwiba unaomchoma Muislamu hauendi bure; kwa nini basi niyatibu nikajipunguzia thawabu? Neno hili tumelisikia vinywani mwa wazee wetu, na zaidi vinywani mwa mama zetu. Ni neno la mtu mwenye imani, halifai kuchekwa. Lakini linachanganya mambo mawili. Kulipwa kwa taabu iliyokufika ni jambo moja, na kuitafuta taabu au kuiweka ndani ya nyumba kama mgeni wa heshima ni jambo jingine. Anayefunga analipwa, njaa yake haipotei. Lakini jua likizama anaambiwa afanye haraka kufuturu, wala haongezewi chochote kwa kukaa na njaa mpaka usiku wa manane. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mzee aliyeonekana akitembea katikati ya watoto wake wawili, wamemshika huku na huku. Mtume akauliza ana nini. Akaambiwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu mpaka Nyumba Tukufu. Akasema kwamba Mungu hana haja na mtu huyu kujitesa, akaamuru apande mnyama. Basi maumivu peke yake si ibada. Yangekuwa ibada tungeamrishwa kuyatafuta.

Na mabedui walipomuuliza kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwa kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Watu wengi hukamata mwisho wa hadithi hii wakasema: unaona, uzee hauna dawa, niache. Lakini maumivu ya uzeeni si uzee wenyewe. Uzee ni miaka, na miaka hairudi. Maumivu ni ugonjwa ulioingia ndani ya miaka hiyo, na una njia zake za kupunguzwa. Wako wazee wa miaka themanini wasioumwa goti, na wako vijana waliosukuma baiskeli za mizigo kutoka Kasongo hadi Kindu ambao leo, kabla ya miaka hamsini, wanashuka ngazi kinyumenyume.

Sasa tuje kwenye njia ya katikati, na hapa hatuna haja ya kubuni, kwani ipo katika mwenendo wa Mtume mwenyewe. Bi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba alipokuwa mtu mzima na mwili umekuwa mzito, alikuwa akiswali swala za usiku amekaa, akisoma Kurani. Zikibaki aya kama thelathini au arobaini, alisimama, akazisoma amesimama, kisha akarukuu. Lisome jambo hili polepole. Hakusema: siwezi kusimama usiku mzima, basi nitakaa moja kwa moja. Wala hakusema: nilizoea kusimama, basi nitasimama hata miguu ivimbe. Alikaa pale mwili ulipohitaji, akasimama kwa kiasi cha aya thelathini. Kila usiku mwili wake uliulizwa unaweza nini, na kilichowezekana kikafanywa.

Wanachuoni wetu wamefanya jambo hili kuwa kanuni: unachoshindwa hakikuondolei unachokiweza. Imran bin Husayn (R.A.), aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, aliambiwa aswali amesimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Ni ngazi, na kila mtu anashuka daraja moja tu, ile aliyolazimika. Kwa hiyo katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tuliopokea dini kutoka pwani tunayafuata, mwenye goti lisilokunjika lakini anaweza kusimama, husimama wakati wa kusoma, hurukuu kwa kadiri awezavyo, kisha hukaa kitini na kuinamisha kichwa kwa sijda, chini zaidi kuliko alivyoinama kwa rukuu. Ruhusa imepewa goti. Haikupewa mtu mzima mzima, kuanzia takbira mpaka salamu. Tunawaona baadhi yetu wanaoingia msikitini kwa miguu yao, wanasimama mlangoni wakizungumza robo saa, kisha wanakaa kitini kabla ya takbira. Hatuwahukumu, kwani maumivu hayana macho ya nje, na goti la leo si goti la jana. Lakini kila mmoja ajiulize mwenyewe.

Ajabu ni kwamba elimu ya tiba imefika mahali pale pale kwa njia yake. Ugonjwa huu wa magoti, nyonga na mgongo, ambao kwetu kila mtu huuita rimatisimu na wenzetu wa pwani husema baridi yabisi, mara nyingi ni kulika kwa viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa nao. Kwenye ncha za mifupa kuna gegedu laini inayozuia mfupa usisagane na mfupa. Gegedu hiyo haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiliwa, mithili ya sponji ndani ya maji. Kiungo kisichotembezwa ni kiungo chenye njaa. Na msuli wa paja, ule wa mbele, ndio unaolishika goti. Ukilegea, uzito wote unaangukia mifupa. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walichapisha habari ya wazee wachache wenye afya waliokubali kulala kitandani siku 10. Kwa siku hizo tu walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku kumi! Na sisi tuna mama zetu tuliowaweka kitini tangu mwaka juzi.

Hapa ndipo tunapotaka kusema na wewe, mtoto wa mzee. Wewe unampenda mama yako, wala hakuna mwenye shaka. Akitaka kuinuka kuchukua kikombe, unaruka: "Kaa, mama, usijisumbue." Akitaka kuchambua sombe, unamnyang'anya kitunga. Umeambiwa umshushie bawa la unyenyekevu, nawe umedhani unyenyekevu ni kumzuia asisimame. Miezi sita baadaye hawezi kwenda chooni peke yake, na hapo ndipo heshima yake inapovunjika kweli, mbele ya wakwe na wajukuu. Mama huyu alibeba mihogo kutoka shambani, kamba kwenye paji la uso, mtoto tumboni. Muache achukue kikombe chake. Simama karibu, kama wale waliomshika mzee huku na huku. Ibn Masud (R.A.) ameeleza kwamba zama zile mtu aliletwa msikitini akiegemea watu wawili mpaka akasimamishwa katika safu. Angalia vizuri: hawakumwacha nyumbani, na walipofika hawakumkalisha. Walimsimamisha.

Huduma ya kweli ipo mahali pengine, na haina sifa nyingi. Choo chetu cha shimo kinataka mtu achuchumae, na kuchuchumaa ndiko kunakomwua mwenye goti; wazee wengine hupunguza kula na kunywa ili wasiende. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu, na kipande cha mti kikapigiliwa ukutani cha kushikia. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya sindano ambazo tayari umemnunulia. Mahali pa kutawadha pawe na kigoda, kwani kuosha mguu mmoja umesimama juu ya mwingine, penye maji na sabuni, kumewaangusha wengi.

Na wewe mzee wetu, mwenye kuumwa: anza na kidogo. Mtume amesema amali anazozipenda Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache, na mwili nao uko hivyo. Ukikaa kitini, nyoosha goti moja mpaka mguu uwe sawa, ushike hapo kwa kiasi cha tasbihi tano, uushushe polepole. Mara kumi huku, mara kumi kule. Inuka kitini bila ya kutumia mikono, ukae tena. Shika ukuta, panda juu ya vidole, shuka. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, linawataka wazee wanaoweza wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujizuia kuanguka siku tatu. Ukigawanya, dakika 150 ni kama dakika ishirini na moja kwa siku. Aliye na msikiti wa mwendo wa dakika kumi, akienda na kurudi mara moja tu, amekaribia. Na aliye na uwezo wa kusujudu asiiache sijda bila ya sababu: siku isiyo ya Ijumaa rakaa za faradhi ni 17, yaani sijda 34, kushuka na kuinuka. Vijana wa mipira hawafanyi hivyo kila siku.

Utauliza: na nikiumwa wakati wa mazoezi? Kuumwa kidogo si alama kwamba unajiharibu. Kipimo ni kesho yake. Ukiamka na maumivu yamezidi kuliko kawaida, ulizidisha, punguza, usiache. Kosa la wengi ni siku njema. Goti limetulia asubuhi, mzee anakwenda shambani kulima mpaka adhuhuri kana kwamba anamlipa kisasi, kisha siku tatu yuko kitandani. Lima nusu saa ukiwa bado mzima, ukae, ulime tena. Na mwenye uzito mkubwa ajue kwamba kila kilo moja anayoipunguza hulipunguzia goti kama kilo nne kwa kila hatua anayoikanyaga.

Fimbo je? Nabii Musa (A.S.) alipoulizwa na Mola wake kuhusu kilicho mkononi mwake, katika matumizi yake jambo la kwanza alilolitaja ni kwamba anaiegemea. Hakuona haya kulisema hilo mbele ya Mola wa viumbe, nawe unaona haya mbele ya majirani? Ila uishike vizuri. Goti la kulia likiuma, fimbo ni ya mkono wa kushoto, nayo itangulie pamoja na mguu unaouma. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama na mkono umening'inia. Mimi ninayeandika nilitembea na fimbo upande usiofaa miezi minane, mpaka yule ambaye hospitalini wanamwita kine aliponiona nikipita akacheka, akanirekebisha bure.

Katika dawa tuwe na hadhari. Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa siku na usiku, na mzee mwembamba au mwenye ini bovu apunguze kwa shauri la muganga. Na kumbuka imo pia ndani ya vidonge vingi vya mafua. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza kweli, lakini zikimezwa siku nyingi hutoboa tumbo, huchosha figo na hupandisha presha; ile ya kupaka juu ya goti ni afadhali kuanza nayo, kwani huingia kidogo sana katika damu. Hatari zaidi ni vile vidonge vidogo vya deksametazoni na prednizoloni, vinavyouzwa kimoja kimoja sokoni. Mzee anainuka siku ya pili anaruka, anakula, uso unajaa, na jamaa wanashukuru. Huku ndani sukari inapanda na mifupa inalegea. Na aliyevitumia kwa muda mrefu asivikate ghafla. Aende kwa daktari avishushe taratibu. Vile vile yako maumivu yasiyongojea mazoezi: kiungo kimoja kilichovimba na kuwa cha moto pamoja na homa, mgongo unaouma usiku huku mtu anakonda, miguu inayokufa ganzi na mkojo kutoka bila ya kujua, au kushindwa kukanyaga baada ya kuanguka. Hayo ni ya hospitali, siku ile ile.

Hatutadanganya. Wako watakaofanya haya yote na bado wataumwa. Mwendo unapunguza, hauondoi. Kwao subira ina kazi yake, lakini hata hapo si kazi ya kufunga mdomo. Nabii Yaqub (A.S.) alisema wazi kwamba anamshtakia Mungu huzuni yake, naye ni katika wenye subira. Aliyezuiwa na maradhi huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari. Mzee asiyeweza tena kusujudu sijda za miaka hamsini hakupoteza hata moja. Hilo tulimwambia mzee wetu, naye alilia kidogo, kisha akatuuliza jambo ambalo hatukulitegemea: kiti kitawekwa wapi?

Basi jibu ni hili. Viti vinne vimewekwa pembeni mwa safu, upande wa kulia, na kigoda kimoja kwenye mabomba. Anayeswali amekaa mwanzo hadi mwisho, apange kiti ili mwili wake uwe sawa na wale waliosimama. Anayesimama na kukaa kwa ajili ya sijda tu, miguu yake ndiyo iwe sawa na safu, kiti kiwe nyuma yake. Kwa hiyo achague mwisho wa safu, au safu ya nyuma, asimbane anayesujudu. Na vijana wasiviguse viti hivyo kwa kuwekea simu na makoti.

Mzee ameambiwa. Amesema atatazama goti litasemaje Ijumaa asubuhi.

Wabillahi taufiq.